Tumewajaza Hamasa, Tumewanyima Hesabu

Kila msimu wa mahafali ya kidato cha nne na cha sita, mgeni rasmi husimama mbele ya vijana akawaambia yale yale: jiaminini, uwezo mnao, fikirini makubwa, anayethubutu ndiye anayefika. Maneno hayo hayaishii kwenye mahafali. Yamo kwenye ibada za vijana, kwenye vipindi vya asubuhi vya redio, kwenye makongamano yenye viingilio, kwenye vitabu vya mafanikio vinavyopangwa chini kandokando ya barabara, na kwenye video fupi ambazo kijana huzitazama kitandani hadi usingizi umchukue. Yote yamejengwa juu ya imani moja: kijana wa leo amekwama kwa sababu hajiamini, na siku atakapojiamini fedha itamfuata.

Imani hiyo naipinga, maana inawaumiza wale wale inaodai kuwasaidia. Vijana wetu hawana upungufu wa kujiamini. Wanachokosa ni mazoea ya fedha. Wengi wanaingia utu uzima wakiwa hawajawahi hata mara moja kukabidhiwa fedha ya mwezi mzima, wakaipanga, wakaikosea, kisha wakaitolea hesabu. Kujiamini kunakomfaa mtu maishani huzaliwa na mazoea hayo. Sisi tumeupindua mpangilio: tunamgawia kijana matokeo kwa maneno, halafu tunashangaa anapoanguka na fedha ya kwanza anayoishika.

Anayedai kwamba vijana hawajiamini aende Jumamosi mchana kwenye banda lolote la kubeti, Manzese au Buguruni, asikilize. Atamkuta kijana wa miaka 20 amepanga mkeka wa timu 10, anaeleza kwa uhakika wa mchambuzi kwa nini kila moja lazima ishinde. Tumpe haki yake. Tuseme anaijua soka kuliko wote pale bandani, na kila timu aliyoichagua ina nafasi mbili katika tatu za kushinda. Zidisha theluthi mbili kwa yenyewe hadi zitimie timu 10, unabaki na nafasi isiyofika 2 katika 100. Katika mikeka 100 ya namna hiyo, takriban 98 itachanika. Hesabu hiyo inataka karatasi na dakika tano tu. Kijana huyu anathubutu kila wiki, na kadiri anavyozidi kujiamini ndivyo mkeka unavyorefuka na ndivyo anavyoliwa. Mwaka 2017 utafiti uliofanywa na GeoPoll kwa njia ya simu katika nchi kadhaa za Afrika uliikuta Kenya ikiongoza: asilimia 76 ya vijana waliohojiwa walisema wamewahi kubeti. Hao wote tutasema walikosa kuthubutu?

Twende kwenye mikopo ya simu. M-Shwari ilipoanza Kenya, Novemba 2012, ada ya mkopo wa siku 30 ilikuwa asilimia 7.5. Ukiitaja hivyo inaonekana ndogo. Mwenye kuhesabu anaona jambo jingine: anayekopa shilingi 1,000 na kuurudia mkopo huo kila mwezi kwa mwaka mzima atakuwa amelipa ada ya shilingi 900, na deni la 1,000 bado liko pale pale. Na hiyo ilikuwa huduma halali ya benki na kampuni ya simu. Nyuma yake zikaja programu zisizo na leseni, zinazowapigia simu ndugu na wakwe wa mdaiwa ili kumwaibisha alipe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Mitaani mikopo ya kunyonya, ya simu na ya ana kwa ana, tunaiita kausha damu. Kijana anayeichukua ili afungue biashara anaamini kabisa kwamba wiki ijayo atauza na kulipa. Imani anayo tele. Alichokosa ni mtu mzima wa kukaa naye chini akiwa na miaka 15, akamwonyesha riba inavyotembea.

Wala tusiisahau DECI. Serikali ya Tanzania ilipoifunga taasisi hiyo mwaka 2009, watu wengi mno walikuwa wameshaweka fedha zao humo wakiahidiwa kurudishiwa zaidi ya walichotoa. Kutoa fedha kuliitwa kupanda mbegu. Kulipwa kuliitwa kuvuna. Lugha hiyo ya imani iliziba swali moja ambalo mtoto wa muuza genge angeliuliza siku ya kwanza: hiyo faida inatoka kwenye biashara gani? Upatu wa kitapeli wa aina hiyo haukufa. Umehamia kwenye simu, na sasa unawawinda vijana kwa maneno yale yale ya kuthubutu na kubadili maisha. Mhamasishaji na tapeli wanaongea lugha moja, na kijana aliyelishwa lugha hiyo pekee hana chombo cha kuwatofautisha.

Watu wengine wameshaipita njia hii kabla yetu. Mwaka 1986 jimbo la California, Marekani, liliunda kikosi kazi cha kukuza hali ya watu kujithamini, kwa msukumo wa mbunge wa jimbo hilo John Vasconcellos. Tumaini lilikuwa kwamba watu wakijithamini, kufeli shule, dawa za kulevya na maovu mengine vitapungua. Ripoti ilitoka 1990, na somo la kujithamini likaenea mashuleni. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipopitia tafiti zilizokuwapo, hawakuona kwamba kumwinua mwanafunzi kwa kujithamini kunamfanya afaulu zaidi. Uhusiano uliopo kwa sehemu unakwenda kinyume: anafaulu kwanza, kisha anajithamini. Hilo halikupaswa kumshangaza mtu, kwani tangu 1977 Albert Bandura alikuwa ameshaeleza mahali inakotoka imani ya mtu katika uwezo wake. Alitaja vyanzo vinne: kufanya jambo mwenyewe ukaliweza, kumwona mtu kama wewe akiliweza, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia zako. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Maneno ya kutia moyo huyeyuka mtu akikutana na ukweli unaoyakanusha. Sisi tumechukua chanzo dhaifu tukakifanya somo zima.

Watetezi wa hamasa wana hoja moja nzito, na si haki kuipita kimya. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha matokeo ya utafiti wa wafanyabiashara wadogo 1,500 wa Togo. Waliopewa mafunzo ya kawaida ya biashara hawakupata ongezeko la faida la kutegemewa. Waliopewa mafunzo ya kisaikolojia ya kujituma na kuchukua hatua waliongeza faida kwa takriban asilimia 30. Je, si uthibitisho kwamba kila kitu ni fikra? Hapana. Tazama walichofundishwa: kujiwekea malengo, kutafuta mwanya ambao jirani hajauona, kutarajia vikwazo mapema na kupanga namna ya kuvivuka. Baada ya darasa, wakufunzi waliwafuata kwenye biashara zao kuona wanavyotekeleza. Tena wote walikuwa na biashara tayari, fedha ilikuwa inapita mikononi mwao kila siku. Mtu wa namna hiyo ukimnoa fikra, fikra zinapata mahali pa kushika. Mwanafunzi wa kidato cha sita ambaye hajawahi kununua kilo ya sukari kwa hesabu yake mwenyewe hana mahali hapo.

Hapo ndipo lawama inapotuangukia sisi wazazi. Nyumba zetu nyingi, hasa za wenye mishahara, zina kanuni isiyoandikwa: pesa si mambo ya watoto. Mtoto akiuliza baba analipwa kiasi gani, anaambiwa hana adabu. Akiuliza kwa nini mwaka huu hatwendi kijijini, anajibiwa asome kwanza, pesa atazikuta. Nauli anapewa kila asubuhi, sarafu kwa sarafu. Ada inalipwa yeye hayupo. Madeni yanazungumzwa usiku, mlango umefungwa. Kwa miaka 18 anaishi ndani ya nyumba inayoendeshwa kwa fedha, na hajui luku inakula shilingi ngapi kwa wiki.

Kisha anapata chuo. Fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo wanafunzi wanaiita boom, huingia kwa mkupuo. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango cha chakula na malazi kilipandishwa hadi shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo fedha ya siku 60 ikiingia kwa pamoja ni shilingi 600,000. Kwa wengi ndiyo fedha kubwa ya kwanza kuwa yao. Wiki ya boom muuza chipsi anaijua, dereva wa bajaji anaijua, muuza simu anaijua. Chipsi kavu zinageuka chipsi kuku, madeni ya mwezi uliopita yanalipwa yote kwa siku moja, rafiki ana sherehe, na nyumbani wameshasikia kwamba boom imetoka, nao wana shida zao. Wiki ya tano kuna wanaokunywa uji na kulala, na ndipo programu ya mikopo inapoonekana mkombozi. Watu wazima tunatikisa kichwa: vijana wa siku hizi hawana akili. Nani aliwahi kuwapa hata shilingi 60,000 ya siku 60 wakiwa kidato cha tatu, wakajifunza kwa gharama ndogo?

Bodi hiyo hiyo ina mkataba. Mnufaika akiajiriwa, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Wapo wanaoshtuka kuliona kato hilo kwenye hati ya mshahara wa kwanza, ilhali saini ni yao. Walikuwa na miaka 19 au 20, na hakuna aliyekaa nao kuusoma. Kwa miaka kadhaa deni hilo lilikuwa pia likiongezewa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, mpaka serikali ilipoifuta mwaka 2021. Asilimia 6 ya deni la shilingi milioni 8 ni shilingi 480,000 kwa mwaka. Mambo haya yanagusa kila mwezi wa ujana wa msomi wetu, na sijawahi kumsikia mgeni rasmi akiyataja.

Sasa mtazame kijana aliyechukua bodaboda kwa mkataba. Tuseme mwenye chombo anataka shilingi 10,000 kila siku kwa siku 420 ndipo kadi ibadilishwe jina. Hiyo ni shilingi milioni 4.2 kwa pikipiki ambayo mwenye taslimu angeinunua, tuseme, kwa milioni 3. Kijana anaijua tofauti hiyo na anaweza kukueleza anailipia nini. Anajua mafuta yanakula kiasi gani, oili inabadilishwa lini, siku ya mvua inamrudisha nyuma kwa kiasi gani. Msimamishe saa tano asubuhi, atakwambia amebakiza ngapi kufikisha hesabu ya tajiri.

Au mwangalie binti wa darasa la saba anayemsaidia mama yake kuuza vitumbua. Fedha ya mchele, sukari, mafuta na mkaa inakaa kwenye kopo lake, na haiguswi hata siku ambayo nyumbani hakuna mboga. Inayozidi ndiyo faida, na katika faida hiyo inatolewa kwanza ya kuchezea upatu. Ameshaujua mpaka kati ya mtaji na faida, mpaka ambao wahitimu wengi wa shahada wanaufahamu baada ya kuula mtaji wote. Binti huyu anabishana bei na muuza jumla mwenye umri wa baba yake, na hakuhitaji kongamano ili apate ujasiri huo.

Nitajibiwa kwamba mtoto akizoea pesa ataharibika, na kijana akipewa pesa ataila. Hofu hiyo imepimwa, tena hapa jirani. Mwaka 2008 serikali ya Uganda iliwapa ruzuku vijana wa kaskazini, eneo lililokuwa linatoka vitani. Walijiunga katika vikundi, wakaandika maombi ya fedha za kujifunza ufundi na kununua vifaa, na waliochaguliwa walipata wastani wa takriban dola 382 kila mmoja, bila kusimamiwa kwa karibu baada ya hapo. Wachumi Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliwafuatilia. Baada ya miaka minne kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha wenzao walioomba wakakosa. Baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia kwa kipato, ingawa walionufaika bado walikuwa na mali zaidi. Ruzuku haikuwa muujiza. Lakini vijana wa eneo hilo lililotoka vitani, waliokabidhiwa fedha nyingi bila msimamizi, kwa ujumla hawakuila. Sehemu kubwa waliitumia kujifunza ufundi na kununua vifaa vya kazi. Kabla ya fedha kuwafikia walikuwa wameshakaa chini na wenzao, wakaandika itakwenda wapi.

Na uharibifu tunaouogopa hauzuiwi kwa kuficha. Mtoto tunayemfungia mlango tukihesabu bili anajifunza fedha kwingine: kwa anayeringia gari mtandaoni, kwa tangazo la kubeti katikati ya mpira, kwa rafiki aliyekopeshwa ndani ya dakika mbili. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo una leseni, matangazo na namba ya kulipia.

Mzazi wa kipato cha chini naye atasema: mimi nitampa nini wakati sina? Kinachotakiwa si wingi wa fedha. Nyumba za vipato vidogo mara nyingi zinafundisha vizuri kuliko zetu, kwa kuwa mtoto anaona kila shilingi inavyogawanywa. Ila naweka mpaka hapa, na nauweka wazi: kumfundisha mtoto fedha si kumfanya mtumwa wa biashara ya familia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza ajira inayomdhuru mtoto au kumnyima masomo. Anayemtoa mtoto darasani akauze karanga stendi asijifiche nyuma ya hoja yangu.

Kwa mabinti jambo hili ni zito zaidi. Msichana asiyejua mahitaji yake ya mwezi yanagharimu kiasi gani ni rahisi kununuliwa. Mwanamume anayemlipia nauli na vocha anaonekana amebeba dunia nzima, kumbe amebeba shilingi elfu chache kwa wiki. Binti aliyezoea kupanga anajua ukubwa halisi wa pengo lake, anajua lipi linaweza kusubiri na lipi la kumwambia mama, na kukataa kwake kuna miguu. Tunaposema tunataka mabinti wanaojiamini, tuanzie hapo.

Hili si jambo geni kwetu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule imjengee kijana mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchagua kinachomfaa, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake, anayethaminiwa kwa anachofanya na si kwa anachopata. Kujiamini huko alikuweka shuleni pamoja na shamba na karakana, na wanafunzi walipaswa kushiriki kuamua mazao ya kazi yao yatumikeje. Baadaye shule nyingi zilibakiza jembe zikatupa maamuzi: mwanafunzi analima, mapato hayajui, na kilimo kikawa adhabu ya wachelewaji. Hivi leo tumetupa na jembe, tumebaki na hotuba.

Tufanye nini? Nyumbani, mtoto akifika miaka 12, apewe nauli ya wiki nzima Jumatatu. Akifika 15, ya mwezi. Ikimwishia siku ya kumi na nane, mzazi asiongeze, mradi usalama wake haumo hatarini. Wakae wapange atafikaje mwisho wa mwezi. Apewe jukumu moja halisi la nyumba, luku au soko la Jumamosi, na daftari la kuandika. Mara moja kwa mwezi bili ziwekwe mezani mbele ya watoto wakubwa, pamoja na madeni.

Shuleni, mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umesisitiza stadi na ujasiriamali. Ni hatua njema, lakini somo la biashara lisilogusa fedha halisi litakaririwa kama masomo mengine. Kila sekondari iwe na duka au bustani ambayo wanafunzi wenyewe ndio wahasibu, hesabu zake zibandikwe ukutani, na wasimamizi wabadilishwe kila muhula. Vyuoni, mkataba wa mkopo usomwe kwa sauti, kipengele kwa kipengele, kwa hesabu ya mfano, kabla ya kalamu kutolewa.

Sidai kwamba daftari la matumizi litaleta ajira. Kijana anayepanga vizuri mshahara wa shilingi 150,000 bado analipwa 150,000, na hilo ni deni la serikali na waajiri. Lakini ndiyo sababu nyingine ya kuikataa imani ya hamasa. Inamwambia kijana kwamba mafanikio yako ndani yake tu, na anapokwama inamwachia hitimisho moja: hakuamini vya kutosha. Huo ni ukatili. Anayejua hesabu anaweza angalau kutenganisha kosa lake na dhuluma aliyotendewa, akalirekebisha la kwanza na kuipinga ya pili kwa tarakimu.

Basi tuwakabidhi fedha wakiwa bado chini ya paa letu. Hapa kosa la shilingi 10,000 ni somo, na aliyekosea ana wa kumweleza. Tukingoja wakue kwanza, watalifanya kosa hilo hilo kwa mamilioni, mbele ya watu wanaoishi kwa makosa yao.